Yustina Aenda Kuipeleleza Zahanati

Yustina alikuwa mtu wa kugeuza vitu. Ukimletea nyanya za kuuza, aligeuza moja moja aone tako lake. Ukimletea habari, nayo aliigeuza, aone imeanza kuoza wapi. Wanawake wa mtaa wao kule Mwembesongo walimpenda kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo walimwogopa. Genge lake la mboga lilikuwa kwenye kona ya njia iendayo bombani, na hakuna neno lililopita pale bila yeye kulitia kidole kwanza.

Kwa hiyo siku alipotokea binti mmoja mwenye fulana ya kijani na daftari kifuani, Yustina alimwona kabla yeye hajaonwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mchicha au matembele?"

"Leo sinunui, mama. Mimi naitwa Shakila, ni mhudumu wa afya wa hapa hapa mtaani. Tunapita kuwaomba kina mama kuanzia miaka thelathini waje zahanati kupimwa. Saratani ya mlango wa kizazi, matiti, presha, sukari. Ni bure."

"Nimekwambia naumwa?"

"Hapana mama, na ndiyo maana yake. Unapimwa kabla hujaumwa."

"Yaani mtu mzima, mzima wa afya, akavue nguo mbele ya mgeni kutafuta ugonjwa ambao haujamtafuta." Yustina alifunga fungu la matembele kwa ukili, akakaza. "Na hilo daftari?"

"La majina na namba za simu, tukumbushane siku."

"Langu liache lilipo."

Shakila hakubishana. Alimwachia kipande cha sabuni mezani, kama alivyowaachia wengine, akaenda nyumba ya pili. Yustina aliitazama ile sabuni kutwa nzima bila kuigusa. Katika miaka yake arobaini na mitatu hakuwahi kuona panya akitegwa kwa jiwe. Hutegwa kwa dagaa.

Kufikia mwisho wa wiki mtaa ulikuwa umeshachemka. Wengine walisema kuna mama wa upande wa reli ameenda na kizazi akarudi bila kizazi. Wengine walisema wanapandikiza vitanzi vya uzazi wa mpango kimyakimya, ndiyo maana hawatozi hela. Mwingine aliapa kwamba picha za siri za wanawake zinapelekwa ng'ambo. Nani ameziona? Hakuna. Lakini kila aliyeuliza aliambiwa, "Muulize mama Thobias, yeye ndiye anayejua mambo ya hospitali."

Na kweli Yustina alijua, au aliamini kwamba anajua.

Alizaliwa milimani, juu ya Matombo, kwenye migomba na magimbi, akateremka mjini akiwa msichana. Huko aliolewa na Severin, Mngoni wa Songea aliyekuja kufanya kazi kiwanda cha nguo. Akiwa na miaka ishirini na miwili alipata uchungu wa siku mbili. Alipelekwa hospitali moja ambayo tangu hapo hakupenda kulitamka jina lake. Alikumbuka taa, akakumbuka mtu akimwita kutoka mbali, basi. Alipozinduka Thobias alikuwa ameshazaliwa, na yeye alikuwa na mshono unaoshuka kutoka kitovuni hadi chini. Hakuna aliyekaa naye akamweleza kitu. Wauguzi walipita, wakageuza shuka, wakaandika, wakaondoka.

Baada ya hapo hakushika mimba tena.

Kwa mtu mwingine labda ingetosha kushukuru kwamba yeye na mtoto wako hai. Lakini Yustina ni Mluguru, na kwa Waluguru ukoo hufuata mama. Mtoto wa kiume ni wako, ila watoto wake watakuwa wa ukoo wa mkewe. Anayekuendeleza ni binti. Mwanamke asiye na binti huitazama familia yake kama mtu anayetazama njia iliyoishia kwenye kichaka. Kila alipopanda kwao, mama mkubwa wake, bibi Catherine, alimwandalia mizizi ya kuchemsha, michungu ya kutoa machozi. Yustina alikunywa. Alikunywa mwaka, akanywa miaka mitano, akanywa kumi. Na ndani ya moyo wake neno moja lilikaa kama mwiba: kuna kitu walichonifanyia pale mezani. Walinifunga, hawakuniambia.

Hakumwambia mtu ila mumewe. Severin alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Hospitali zina mambo." Tangu siku hiyo Yustina hakukanyaga hospitali kwa ajili yake mwenyewe. Aliponda majani, akameza vidonge vya dukani, akaomba rozari.

Sasa, asubuhi moja, wanawake wanne walikuwa wamekaa gengeni wakibishana habari za zahanati. Nasra, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akasema, "Jamani, si aende mmoja atuangalizie? Aende mama Thobias. Wewe shoga yangu hata wakikutoa hicho kizazi, una cha kupoteza gani?"

Alisema kwa mzaha. Wenzake walicheka, kisha wakaacha kucheka mmoja mmoja. Mwenye kovu usidhani kapoa. Yustina alikung'uta maji kwenye mboga, akazipanga upya ingawa zilikuwa zimepangika.

"Nitakwenda," alisema. "Nitakwenda na macho yangu."

Siku ya Alhamisi alivaa khanga mbili, akafunga fundo la chini mara tatu. Zahanati ilikuwa imejaa. Wanawake walikaa kwenye mabenchi ya mbao, mikoba mapajani, kila mmoja akimtazama anayetoka chumba cha ndani kama anayehesabu viungo vyake. Yustina hakuketi. Alisimama dirishani, akasikiliza. Aliwauliza wawili waliotoka walichofanyiwa, akalinganisha majibu yao. Yalilingana, na hilo nalo likamtia shaka: huenda wamefundishwa la kusema.

Muuguzi aliitwa Agnes, mwanamke wa makamo, sauti ya taratibu, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Alimpima presha, akamwuliza maswali, kisha akamwonyesha kitanda.

"Kabla sijapanda," alisema Yustina, "nionyeshe kila kitu utakachokiingiza."

Agnes alimtazama kidogo. Halafu akavuta ile meza ya magurudumu, akafunua kitambaa. "Hiki ni chuma cha kufungulia njia, nione ndani. Hizi ni pamba kwenye vijiti. Hii ni siki."

"Siki ya kachumbari?"

"Siki hiyo hiyo, imepunguzwa makali. Napaka, nasubiri dakika moja. Sehemu isiyo salama hubadilika ikawa nyeupe."

Yustina akanusa kichupa. Ilikuwa siki. "Vijiti vya pamba ni vingapi?"

"Nitatumia vitatu."

"Vikiingia vitatu vitoke vitatu. Nitahesabu kwa sauti."

"Hesabu, mama."

Akapanda. Agnes akampapasa tumbo kwanza. Yustina alikaza mapaja, akalegeza, akakaza tena. Chuma kilikuwa cha baridi. "Kimoja," alisema akitazama dari. "Kimetoka. Cha pili." Muuguzi hakucheka. Alipaka siki, wakangoja dakika moja ndefu, nje mtoto wa mtu akilia na mama yake akimbembeleza. Kisha Agnes akachukua simu kwenye mfuko wa koti.

Yustina alinyanyuka kwa viwiko. "Simu ya nini?"

"Kupiga picha ya mlango wa kizazi, nimtumie daktari anihakikishie ninachokiona. Uso haumo, jina halimo."

"Weka hiyo simu mkononi mwangu."

Muuguzi akampa. Akamwacha ameikaza mkononi, akarudi kuinama na taa yake, akatazama kwa macho tu. Alipomaliza alitoa kijiti cha tatu akakionyesha, akamfunika khanga, ndipo akasema.

"Mama, kuna doa jeupe. Si saratani. Ni ngozi iliyoanza kubadilika, na ikiachwa miaka inaweza kuwa saratani. Tuna mashine ndogo ya joto, tunachoma hapo juu juu kwa muda mfupi, unaenda nyumbani. Tunaweza kufanya leo."

Yustina alishuka kitandani kama aliyekuwa akilisubiri neno hilo. "Ehee. Nilijua. Mtu haingii kwenu akatoka mzima. Nilikuja sina doa, nimeshapewa doa. Sasa mnataka na kunichoma."

"Sitakuchoma usipotaka."

"Mlishanifanya mnavyotaka! Huu mshono uliuona?"

"Niliuona nilipokupima tumbo. Nilitaka kukuuliza."

Hapo, bila kukusudia, Yustina akasema yote. Alisema akiwa amesimama, simu ya muuguzi bado mkononi mwake: siku mbili za uchungu, taa, miaka ishirini na moja bila mimba, mizizi. Akamaliza kwa kuuliza alilokuja kuuliza, ambalo hata mwenyewe hakujua kuwa ndilo lililomvusha mlango ule. "Wewe unaona ndani. Niambie. Walinifunga?"

Wengine wangemjibu lolote ili foleni iende. Agnes alivua miwani. "Sijui, mama. Kutoka hapa siwezi kuona mirija, ningekudanganya. Kuna kipimo cha picha kwenye hospitali kubwa, naweza kukuandikia. Faili la miaka ishirini siwezi kukuahidi kwamba litapatikana. Lakini upasuaji hauanzi bila karatasi kusainiwa. Wewe ulisaini?"

"Nilikuwa sijitambui."

"Basi yupo aliyesaini kwa niaba yako. Ulikuwa na nani siku hiyo?"

Yustina aliiweka simu mezani polepole. Alikuwa na mtu mmoja tu siku hiyo.

"Sitachomwa leo," alisema.

"Sawa. Ila usikae sana, mama. Wiki tatu, nne. Rudi."

Njiani hakumsalimu mtu. Alipita genge lake, Nasra akamwita, "Vipi mpelelezi, wamekutoa nini?" akapitiliza. Alimkuta Severin barazani kama kila siku tangu kiwanda kilipowapunguza, akiziba mipira ya baiskeli za watu. Jua lilikuwa bado juu ya bati. Alivuta kigoda akakaa mbele yake.

"Baba Thobias."

"Naam."

"Siku ile napasuliwa, nani alisaini karatasi?"

Severin alikuwa ametumbukiza mpira kwenye beseni la maji, anatafuta tundu. Mapovu yakatoka, naye hakuyaona. "Siku gani hiyo?"

"Nimepasuliwa mara ngapi?"

Akautoa mpira majini. Akaufuta kwa tambara, akaufuta tena. "Mimi," alisema.

"Ulisaini nini?"

"Walisema mfuko wa uzazi umepasuka. Walisema wakiushona, lazima wafunge na mirija, maana mimba nyingine ingekuua. Wakaniuliza. Nikasema fungeni."

"Ukasema fungeni."

"Ulikuwa unakufa, mama Thobias. Damu ilikuwa inadondoka sakafuni. Mimi ningesemaje?"

"Siku ile nilikuwa nakufa. Na siku ya pili yake? Na wiki iliyofuata? Na mwaka jana, nilikuwa bado nakufa?"

Severin aliuweka mpira chini. "Daktari alinambia nikueleze utakapopata nguvu," alisema. "Ukapata nguvu. Siku ya kwanza uliyokaa kitako ukaniambia huyu wa kiume tumeshapata, wa pili akiwa binti tutamwita jina la mama yako. Nikasema kesho. Kila kesho ilikuja nzito kuliko ile ya jana."

Yustina alimtazama mikono, ile mikono yenye grisi kwenye kucha aliyoizoea kuliko yake. Siku zote alidhani atakapoujua ukweli atapumua. Hakupumua. Kidole alichokuwa akiwanyooshea watu wa hospitali kwa miaka ishirini na moja kilikuwa hewani bado, nacho kilikuwa kimewaelekea wasio wenyewe. Hakuwa amekosea kwamba kuna mkono uliomfunga. Alikosea nyumba tu.

"Nilikuwa nakunywa ile mizizi mbele yako," alisema.

Kesho yake alifunga genge, akapanda kwao.

Siku kumi na sita zikapita. Alipalilia magimbi ya bibi Catherine, hakueleza lililomleta, na yule bibi hakumchokoa. Alimwangalia tu akila kidogo na kulima sana. Siku ya kumi na saba simu ikaita. Alikuwa Shakila.

"Shikamoo mama Thobias. Nimepita gengeni mara nne. Sista Agnes ananiuliza kila siku kama umerudi."

"Namba yangu umeipata wapi?"

"Kwa baba Thobias."

"Huyo ana tabia ya kutoa vya watu bila kuwauliza."

Shakila hakuelewa, lakini hakukata simu. "Mama, mimi nimetumwa, ndiyo, na nina daftari. Ila mama yangu mzazi alifariki kwa ugonjwa huu, kule Kingolwira. Hakuna aliyempigia simu."

Yustina alitafuta lililooza katika maneno hayo. Alitafuta sana. Akasema, "Mwambie nitakuja. Lakini kuna mtu lazima apande huku kwanza."

Akampigia mumewe. Hakumsalimu. Alimwambia, "Njoo uwaambie mwenyewe."

Severin alifika siku ya pili, magoti yakiwa na tope, kwani mvua zilikuwa zimeharibu barabara na alitembea kwa miguu kutoka Matombo. Walikaa ndani, jikoni kwa bibi Catherine, pamoja na mjomba Yakobo ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Severin alisema kila kitu, tangu damu sakafuni hadi beseni la maji. Hakujitetea, na hakulia. Mjomba Yakobo akakohoa, akaanza kusema habari za nia njema na mapenzi ya Mungu.

Bibi Catherine akamkatiza. "Ngoja, Yakobo. Mimi nina swali moja kwa mkwe wetu. Ile dawa nilipokuwa nampa mwanangu, akiinywa huku machozi yanamtoka, wewe ulikuwa unaangalia?"

"Nilikuwa naangalia, mama."

"Haya," alisema bibi. Akaupuliza moto, akainjika chungu cha magimbi, na hakumsemesha tena Severin siku ile wala iliyofuata. Chakula alimpa. Yustina alisema baadaye kwamba faini yoyote ya mbuzi ingekuwa nyepesi kuliko kule kulishwa kimya kimya.

Aliteremka mjini peke yake, wiki ya nne tangu apimwe. Safari hii hakuwa na mafundo matatu ya khanga, lakini shaka alikuwa nayo. Muuguzi alipomletea karatasi ya ridhaa, Yustina alimwomba aisome. Akamwomba airudie. Penye neno "madhara" alimsimamisha, akauliza yepi, kwa wangapi, na yakimpata aende wapi. Aliuliza kama kuna karatasi nyingine iliyofichwa chini ya hiyo. Kisha akaandika jina lake lote, pole pole, mpaka kalamu ikatoboa karatasi mwishoni.

Mashine ilikuwa ndogo, ya kushikwa mkononi. Alihisi tumbo likikaza kama siku ya kwanza ya hedhi, halafu likaacha. Aliambiwa asikutane na mume wiki sita. "Hilo halina tabu," alijibu, na Agnes akaelewa asiulize.

Gengeni walimngoja wote. Nasra ndiye aliyeanza, na alianza kwa kuomba radhi kwa lile neno alilolitoa. Yustina akaipokea radhi yake bila kumrahisishia. Kisha akawaeleza: chuma, siki, dakika moja, doa, joto. Hakuwaambia wasiogope. Aliwaambia waulize, na wasipojibiwa waondoke. Alhamisi iliyofuata walikwenda watano, Nasra akiwemo, na Agnes alisema hajawahi kuhojiwa vile tangu amalize chuo. Watu wa mradi wa upimaji, waliomtuma Shakila, wakamletea Yustina fulana ya kijani wakitaka apite na kipaza sauti. Aliirudisha. Alisema yeye si tangazo.

Nyumbani Severin alilala kwenye kochi miezi mingi. Thobias, anayefanya kazi mashamba ya miwa, alikuja na kuambiwa, akakaa na baba yake barazani jioni nzima, akaondoka bila kusema yuko upande wa nani. Watu walimwuliza Yustina kwa nini asimwache. Alikuwa na majibu tofauti kwa watu tofauti. Alikuwa amekasirishwa na mtu aliyemwokoa, na hasira ya namna hiyo haina pa kuitua.

Mwaka ulipotimia alirudi zahanati kuangaliwa tena. Alipotoka chumba cha ndani alimkuta Severin kwenye benchi, mwanamume peke yake kati ya wanawake, kofia magotini. Hakuwa amemwita. Alisimama mbele yake, na wanawake wote wakanyamaza ili wasikie.

"Wameangalia," alisema Yustina. "Doa halipo. Panaonekana pamepona. Nirudi tena baada ya miaka mitatu, na nikiona damu isiyo ya kawaida nije hata kesho. Hayo ndiyo waliyonambia, yote."

"Asante," alisema Severin.

Yustina alikuwa ameshatangulia nje, kwenda kufungua genge.